Kabati Limefungwa, Sukari Imepanda

Bi Mkasi alikuwa fundi wa sare za shule, na jina hilo hakupewa kwa ajili ya mkasi wa mkononi peke yake. Ulimi wake ulikata. Alimkata mteja aliyechelewa kuleta kitambaa, alimkata mwenye duka aliyemuuzia uzi uliooza, na marehemu mume wake alikatwa miaka thelathini na mmoja mpaka alipopumzika. Watu walimvumilia kwa sababu mshono wake haukuachia. Mtoto alivaa sketi ya Bi Mkasi mpaka ikamkaa fupi, akamwachia mdogo wake, na pindo bado limeshika.

Kuandika hakujua vizuri, ila tarakimu alizijua zote kutoka kwenye futi ya fundi, moja mpaka sitini, na hizo zilimtosha. Vipimo vya wateja hakuviweka kwenye daftari. Kila mteja alikuwa na utepe wake, kipande chembamba cha kitambaa. Bi Mkasi alikizungusha mwilini na kukata alama pembeni: mkato mmoja wa kifua, miwili wa kiuno, mitatu wa nyonga. Tepe zote zilining'inia kwenye misumari ukutani, kila moja na kifungo chake cha kuijua. Karatasi hulowa na panya huila, alisema, lakini kitambaa hakisahau.

Alifanya kazi na binti yake wa mwisho, mwanamke wa miaka ishirini na tisa ambaye watu wote, hata wateja, walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Kitinda alishona vifungo na kupiga pasi. Alikuwa mpole, kana kwamba ukali wa nyumba ile uligawiwa ukaisha kabla ya zamu yake.

Bi Mkasi alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na nane huo. Siku aliyoambiwa, alirudi nyumbani akamwaga chai yote iliyokuwa kwenye birika, na tangu hapo ulimi wake haukuonja sukari. Vidonge asubuhi, vidonge jioni, mwendo wa miguu mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Kila alfajiri alijichoma kidole akakipa kimashine chake damu, nacho kikamjibu: saba, saba na nusu, nane siku za hasira. "Kisukari ni mbuzi," aliwaambia watu. "Mfunge kamba fupi, hali shamba la mtu."

Kwa hiyo Kitinda alipoanza kunywa maji kama mtungi uliotoboka, na zahanati wakampima wakakuta sukari iko juu, Bi Mkasi hakutetemeka. Tabibu aliuliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye ugonjwa huo. Bi Mkasi akajibu kabla binti hajafungua mdomo. Yupo, ni mimi, na huyu amerithi wangu. Tabibu akaangalia foleni iliyokuwa nje, akaandika vidonge vile vile. Kisukari cha mama, vidonge vya mama, kamba ya mama.

Miezi saba ikapita hivyo. Kila alfajiri walichoma vidole vyao mezani, kati ya cherehani mbili. Mama saba, binti kumi na nane. Mama saba na nusu, binti ishirini na moja.

"Hii kumi na tisa inatoka wapi?" Bi Mkasi aliuliza asubuhi moja. "Ukutani?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Kimashine kinajua, mdomo wenyewe haujui."

Siku hiyo hiyo kopo la sukari, lililokuwepo kwa ajili ya wageni, lilihamia kwenye kabati la vitambaa. Kabati likafungwa, na ufunguo ukatungwa kwenye uzi mnene wa kushonea jinzi ukakaa shingoni mwa Bi Mkasi. Kisha akavuka barabara mpaka dukani na kumwonya mwenye duka mbele ya wateja asimuuzie Kitinda soda, wala biskuti, wala peremende. Mwenye duka, mtu wa utani, akauliza kama chumvi inaruhusiwa. Hakujibiwa. Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mwanamke mzima, na kikopo cha vifungo mkononi, akitazama vidole vya miguu yake.

Haikupita wiki, Bi Mkasi alikuta ganda la peremende ndani ya kikopo kile cha vifungo. Ganda la kijani, limekunjwa dogo sana. Kitinda alisema limeachwa na mtoto wa mteja. Bi Mkasi alilinyoosha kwa ukucha na kuliweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, kama askari anavyoweka ushahidi, na tangu hapo kila sahani ya Kitinda ilitazamwa mara mbili.

Kulikuwa na ushahidi mwingine, lakini huo Bi Mkasi hakuutaka. Kitinda alikuwa anapunguza sketi zake mwenyewe. Mama yake ndiye aliyempima kila mara, kwa mazoea, na kila mara alikata alama kwenye utepe ule ule wa msumari wa kwanza. Mikato miwili miwili ya kiuno ilikuwa inatembea kuingia ndani, kama watu wanaorudi nyuma mlangoni. Jicho la fundi haliwezi kukataa kuona. Basi alijiambia kwamba mtu mwenye siri hukondeshwa na siri yake, akautundika utepe na kurudi kwenye kola.

Halafu Kitinda akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Aliilenga mara nne, mara tano, macho yamejaa ukungu. Jioni ile mashati sita yalikutwa na vifungo upande usio wake. Hapo ndipo Bi Mkasi alipokubali waende hospitali kubwa.

Daktari wa huko alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Bi Mkasi alimwona kupitia mlangoni, akakataa kuingia. Kisukari alikuwa nacho kabla huyo hajaota meno ya pili, sasa afundishwe nini? Akabaki kwenye benchi la nje, mkoba mapajani.

Kitinda alitoka na karatasi, akaeleza polepole njiani. Daktari alikuwa amemtazama mifupa ya bega, akauliza kama amewahi kuwa mnene. Kisha akasema kisukari si kimoja. Kuna kile ambacho mwili bado unatengeneza insulini, ile dawa yake ya kuishusha sukari, ila haifanyi kazi sawasawa, na hicho huenda ndicho cha mama. Kuna kingine ambacho askari wa mwili wenyewe wamekosea adui, wamelishambulia kongosho linalotengeneza insulini, mpaka haitoki tena, na hapo vidonge ni kupiga maji rungu. Alitaka kuhakikisha ni kipi. Damu ingepimwa mambo mawili: kama hao askari wamo, na insulini inayotoka mwilini ni kiasi gani. Arudi Alhamisi asubuhi. Na asije na njaa. Aje na kifungua kinywa chake, mkate na chai yenye sukari, ale pale pale, damu ya kipimo cha pili ichukuliwe baada ya saa moja na kitu.

Bi Mkasi alisimama katikati ya barabara.

"Miaka kumi na minane hospitali inaniambia nisile kitu kabla ya kupima. Leo wewe unaambiwa ukale sukari ndipo upimwe?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Ukiwa na hicho kingine, dawa yake nini?"

Kitinda aliikunja karatasi. "Sindano. Kila siku, maisha yote."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, ingawa Bi Mkasi hakulitamka. Zamani alikuwa na jirani, fundi mwenzake, mwanamke wa kicheko kikubwa. Walimwanzishia sindano mwezi wa tatu, mwezi wa nane wakamzika. Tangu hapo, sindano ya sukari kwake ilikuwa mlango wa makaburini. Kitinda wake hataupita mlango ule. Kipimo ni kama ukaguzi wa sare shuleni, unaenda ukiwa umepiga pasi. Akiipeleka damu safi, iliyofungwa siku mbili bila chembe ya utamu, maneno ya kisukari kingine yatakwisha, na huyo binti wa miwani atajua kwamba katika nyumba ya Bi Mkasi kuna adabu.

Kuanzia Jumanne asubuhi Kitinda alikula mboga za majani za kuchemsha na maji, basi. Mkate ulipelekwa kwa jirani. Mama na binti walilala kitanda kimoja, mama upande wa mlangoni.

"Daktari alisema nile," Kitinda alisema Jumatano, sauti imekauka.

"Na mimi nasema usile. Daktari ndiye aliyekuzaa?"

Kitinda hakubishana. Alikunywa maji, kikombe juu ya kikombe, na mchana aliegemeza kichwa kwenye pasi iliyopoa akalala amekaa. Bi Mkasi alimfunika khanga mabegani akaendelea kukanyaga cherehani, na mguu wake ulikuwa unakwenda haraka kuliko kitambaa.

Alhamisi alfajiri Kitinda alitapika maji matupu. Alikuwa anahema kwa kina na kwa haraka, kama mtu anayepanda mlima, naye amelala. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bi Mkasi alimkalisha mezani akamchoma kidole. Kimashine kilihesabu, kikatulia.

Ishirini na saba.

Alifuta kidole kwa pamba akachoma kingine. Ishirini na saba na nukta nne. Basi kimashine kimeharibika. Akajichoma mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nane.

Bi Mkasi alikaa na zile tarakimu mbele yake. Alishika ufunguo shingoni, ulikuwepo. Akaenda akalitikisa kabati, lilikuwa limefungwa. Kopo lilikuwa ndani, kama alivyoliacha miezi iliyopita. Binti hajatoka nje siku mbili, hajatafuna hata mkate mkavu, amelala ubavuni mwake, na sukari haikusimama tu, imepanda. Kama mlango umefungwa, na mwizi uliyemdhania unalala naye, basi anayeiba ni nani?

Alikimbia kuvuka barabara, mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu. Mwenye duka alikuwa anafungua. Hakufanya utani. Aliyashusha magunia kwenye gari lake la mizigo akamsaidia kumbeba Kitinda. Kabla ya kupanda, Bi Mkasi alirudi ndani akauchomoa utepe wa msumari wa kwanza akautia kifuani. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kushika kitu kinachomhusu.

Hospitalini mara hii aliingia ndani. Daktari wa miwani alimtazama Kitinda mara moja tu, akawa tayari amesimama, anamshika mkono na kusikiliza pumzi.

"Umekula leo?"

Kitinda aligeuza macho yake polepole mpaka kwa mama yake. Yalikuwa yamezama, lakini adabu bado ilikuwa ndani yake.

"Nimekula," akasema. "Mkate."

"Jana?"

"Nilikula pia."

Daktari alianza kuandika. Bi Mkasi aliitazama kalamu ile ikitembea, akaelewa, ingawa hakuweza kusoma, kwamba inaandika uongo, na kwamba uongo ule umesemwa ili yeye asiaibike. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kufumua mshono wake mbele ya watu.

"Hajala," akasema.

Kalamu ikasimama.

"Hajala tangu juzi. Mimi ndiye niliyemfungia. Nilitaka damu itoke nzuri." Kisha, kwa kuwa alishaanza: "Sukari nimeifungia kabatini, ufunguo huu hapa. Mkate hakuna. Na imepanda ishirini na saba. Niambie, daktari, imetoka wapi?"

Daktari aliita muuguzi, akataka mkojo. Kijiti cha kupimia kilipochovywa kikageuka zambarau iliyokolea, na baada ya hapo watu walienda haraka. Sindano ya mkono, dripu, chupa ndogo za damu. Bi Mkasi alisukumwa taratibu mpaka ukutani, akakaa pale kama cherehani iliyovuliwa mkanda.

Ilipita saa nzima ndipo daktari akamjia, akavuta kiti, akakaa kimo kimoja naye.

"Mama, hakuiba sukari. Ini lake ndilo linaloimwaga. Mwili ukikosa insulini unadhani una njaa, hata damu ikiwa imejaa sukari. Basi ini linatoa akiba yake, na mafuta yanachomwa mpaka damu inakuwa na sumu. Wewe ungemfungia yeye mwenyewe kabatini, ingepanda vile vile."

"Atakufa?"

"Mmemleta. Mngekaa mpaka kesho, nisingeahidi." Akafungua faili. "Nisaidie jambo moja. Uzito wake wa zamani haujaandikwa popote. Amepungua kiasi gani, na tangu lini?"

Bi Mkasi aliingiza mkono kifuani akautoa utepe. Aliunyoosha juu ya magoti, akatoa futi yake kwenye mkoba, akaweka sawa ncha kwa ncha. Kidole chake kilipita mkato kwa mkato.

"Kiuno. Hapa inchi thelathini na moja, muhula wa kwanza, tulipokuwa na sketi za bluu. Hapa ishirini na tisa, kabla shule hazijafungwa. Ishirini na saba, muhula wa pili. Hii, ishirini na nne, wiki tatu zilizopita." Kidole kikabaki pale. "Nilikata mwenyewe. Nilikuwa naona."

Daktari aliandika zote, moja moja, na akamwomba arudie muhula wa pili. Hakumkaripia. Bi Mkasi angependa akaripiwe.

Damu ya kutafuta wale askari ilikwisha chukuliwa siku ile. Kipimo cha pili kilibidi kisubiri, kwa sababu mwili uliovurugika hutoa jibu la kuvurugika. Siku ya nane, Kitinda akiwa amekaa kitandani na macho yamerudi mahali pake, daktari alisema kesho asubuhi, na safari hii mgonjwa ale.

Bi Mkasi alilifungua kabati alfajiri. Sukari ilikuwa imegandamana ndani ya kopo, jiwe moja. Aliivunja kwa ncha ya mkasi, mkasi ule ambao haukuwahi kuruhusiwa kugusa kitu zaidi ya kitambaa, akaiweka kwenye chai kijiko kimoja, akasimama, akaweka cha pili. Miaka kumi na minane hakuwa ametia sukari kwenye kikombe cha mtu anayempenda.

Wodini alimpa mwanawe kikombe na vipande viwili vya mkate. Kitinda alimtazama, kama mtoto anayengoja kuambiwa ni mtego.

"Kunywa," alisema Bi Mkasi. "Usinitazame. Kunywa."

Alikunywa yote. Kisha wakaikodolea macho saa ya ukutani, mama na binti. Mshale mrefu ulizunguka mara moja, ukaanza tena. Mtu wa maabara alikuja, akafunga mpira mkononi, akavuta damu, akaondoka nayo bila hata kuwatazama, kana kwamba ni damu tu.

Majibu yalichukua wiki mbili na nusu. Siku hiyo Bi Mkasi alikaa kiti cha mbele. Daktari aligeuza karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, halafu mwingine. Askari wamo, wengi. Insulini inayotoka mwilini karibu hakuna, hata baada ya chai tamu na mkate. Ni kisukari cha aina ya kwanza, kilichomjia ukubwani. Vidonge visingeweza, hata vingekuwa gunia. Hakuna alichokula, na hakuna alichofanya.

Kitinda alilia kidogo, bila sauti, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kwa ajili ya sindano za maisha yote au kwa ajili ya yale maneno ya mwisho.

Bi Mkasi aliuliza habari za jirani yake wa zamani. Daktari alisema hakumjua, ila wengi huanzishiwa sindano wakati ugonjwa umeshamaliza kazi, kisha lawama inabebeshwa sindano. Bi Mkasi alilitafuna hilo. Hakusema kwamba amekubali. Ila aliomba aonyeshwe sindano inavyoshikwa, akaichukua kati ya vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, akasema imenolewa vizuri.

Kabla hawajatoka, daktari aliwapa onyo la mwisho. Insulini ikizidi chakula, sukari itashuka ghafla, atatetemeka na kutoka jasho, anaweza kuanguka. Kwa hiyo asitembee bila kitu kitamu mfukoni. Peremende zinafaa.

Mwenye duka hakuamini macho yake. Bi Mkasi alikuwa amesimama kwenye kaunta, kidevu juu, akitaka peremende, pakiti nzima.

"Kwa nani?"

"Kwa Kitinda. Daktari ameagiza. Na kila akija, mpe."

Mwenye duka aliinua pakiti, akaishika hewani. "Na chumvi, Bi Mkasi, bado tunaifikiria?"

"Lete hapa kabla sijakukata sikio."

Nyumbani alizimimina kwenye kikopo cha vifungo. Ufunguo aliuvua shingoni, akauacha kwenye tundu la kabati, na hakuuzungusha. Msamaha hakuomba. Hakujua unaanzia upande gani. Alifungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa lile ganda la kijani, akaliweka mbele ya binti yake ili alitupe mwenyewe, kisha akaanza kukanyaga cherehani.

Kitinda hakulitupa.

"Mama, ile niliila mimi."

Cherehani ilisimama.

"Moja?"

"Moja tu. Nilikuwa na hamu."

Bi Mkasi alivuta pumzi, na Kitinda akafumba macho kungojea mkasi. Lakini mama yake alinyoosha mkono, akachukua peremende moja kwenye kikopo, akaisoma kwa vidole, akairudisha.

"Angalau ganda ungelificha vizuri," alisema. "Simama hapa nikupime kiuno."